Kila Jicho na Maono Yake: Kisa cha Augustus d'Este, 1822 hadi 1848

Karibu na tarehe 6 Novemba 1827, mjini Florence, Mwingereza mmoja wa miaka 33 alianza kuona kila kitu viwili viwili. Kabla ya hapo macho yalikuwa yakimchanganya tu, maluweluwe asiyoweza kuyaeleza. Sasa jambo likawa wazi: kitu kimoja, picha mbili. Aliliandika katika shajara ya ugonjwa wake, na humo akaweka sentensi fupi ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha kisa chote. Alisema kwamba kila jicho lilikuwa na maono yake peke yake.

Daktari aliyemtibu alidhani ni nyongo.

Mgonjwa huyo ni Augustus d'Este. Shajara yake ni miongoni mwa maelezo ya kale kabisa, yaliyoandikwa na mgonjwa mwenyewe, ya ugonjwa ambao leo tunaamini ulikuwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva za kuonea. Uzi uliovuliwa ala hiyo hupitisha ishara kwa kuchelewa, au haupitishi kabisa. Alama zake hutokea mahali pengi na kwa nyakati tofauti, na kati ya shambulio moja na jingine mgonjwa anaweza kukaa miaka akiwa mzima kabisa. Ndiyo maana humpotosha kila mtu, mgonjwa na mganga pia.

Kisa cha d'Este kwa kawaida huanzwa na husimuliwa kwa tukio la 1822, macho yake yalipofifia kwa mara ya kwanza. Mimi nataka kukaa zaidi kwenye 1827. Mwaka huo macho hayakupungukiwa na nuru; yalishindwa kwenda pamoja. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na hiyo ya pili ndiyo inayotupita mikononi kila siku katika vyumba vya kupimia macho.

Mjukuu wa mfalme asiye na nasaba

Alizaliwa Januari 1794 mjini London. Baba yake alikuwa Prince Augustus Frederick, mwana wa sita wa Mfalme George III, na mama yake Lady Augusta Murray. Wawili hao walioana Rome mwaka 1793 bila idhini ya mfalme, na ndoa yao ikabatilishwa mwaka uliofuata kwa sheria ya 1772 iliyowakataza watoto wa kifalme kuoa bila ruhusa. Mtoto akabaki mjukuu wa mfalme asiyehesabika katika ukoo. Alilelewa na mama yake, hasa Ramsgate, mji wa pwani ya Kent, akasoma Harrow, akaingia jeshini, na mwanzoni mwa 1815 alikuwa upande wa Waingereza waliopigwa New Orleans. Hayo yanatosha. Ninayataja ili msomaji ajue kwamba hadi kufikia miaka 28 alikuwa kijana mzima, mwenye miguu ya askari.

Desemba 1822 alisafiri kutoka Ramsgate hadi milima ya Scotland kumtembelea jamaa yake aliyempenda kama baba. Alipofika alimkuta amefariki. Kwenye mazishi watu walikuwa wengi; akajikaza asilie, akashindwa. Muda mfupi baadaye ikabidi asomewe barua zake na kuandikiwa majibu, kwa sababu kila alipokaza macho kwenye kitu kidogo, kilififia. Anasema hakujua kwamba macho yana shida mpaka alipojaribu kusoma na kuchonga kalamu yake, maana zama hizo watu waliandika kwa unyoya. Kisha akaenda Ireland, na huko, pasipo dawa yoyote, macho yakarudi kama yalivyokuwa.

Leo wengi wetu tungeuita ule uvimbe wa neva ya kuonea. Hapo kinachoharibika ni picha yenyewe: maandishi madogo hupotea, rangi huchujuka, hasa nyekundu. Macho hugeuka vizuri tu, ila kile kinachofika kwenye ubongo ni hafifu. Mwaka 1826 macho yalimsumbua tena, yakatulia tena.

Usomaji wa sentensi moja

Turudi Florence. Mwezi Oktoba 1827 alishangaa kugundua ganzi kwenye kipaji karibu na jicho la kushoto, upande wa panja. Baadaye yakaja maluweluwe. Karibu na tarehe 6 Novemba ndipo vitu vikawa viwili viwili, na kila jicho likawa na maono yake.

Kuna kuona viwili kwa namna mbili, na kuzitenganisha hakuhitaji mashine. Namna ya kwanza haiondoki hata ukifumba jicho lililo zima na kuacha lenye shida wazi. Hiyo shida iko ndani ya jicho lenyewe: lenzi yenye mtoto wa jicho, konea yenye kovu, uso wa jicho uliokauka, au miwani isiyomfaa mtu. Namna ya pili huondoka papo hapo ukifumba jicho moja, liwe la kulia au la kushoto. Hapo kila jicho peke yake linaona barabara. Kilichovunjika ni mapatano yao. D'Este hakuandika kwamba alifumba jicho, lakini siamini mtu anaweza kujua kwamba kila jicho lina maono yake bila kuyapima, hata kama ni kwa kiganja tu akiwa kitandani. Katika sentensi hiyo moja ametufanyia kipimo cha kwanza, akatupa na majibu. Shida haiko ndani ya jicho. Iko kwenye misuli, au neva zinazoiendesha, au ubongo unaozipa amri.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita, na misuli hiyo inaongozwa na neva tatu kila upande. Misuli 12 lazima ikubaliane, tena kwa haraka sana, ili picha ya jicho la kulia iangukie sawasawa na ile ya kushoto. Ukitazama kushoto, jicho la kushoto linavutwa nje na msuli wake wa nje, na wakati uleule jicho la kulia linavutwa kuelekea puani na msuli wake wa ndani. Amri ya kazi hizo mbili hutoka mahali pamoja: kiini cha neva ya sita upande wa kushoto, kwenye sehemu ya shina la ubongo iitwayo daraja. Kutoka hapo amri moja huenda moja kwa moja kwenye msuli wa nje wa jicho la kushoto. Ya pili huvuka upande wa pili, ikapanda kwa kifungu chembamba cha nyuzi hadi kiini cha neva ya tatu ya upande wa kulia, na hapo ndipo jicho la kulia huambiwa lifuate.

Kifungu hicho chembamba ndicho penye hatari. Nyuzi zake zimevikwa mayelini nyingi, na kinapita kando kabisa ya njia za maji ya ubongo, mahali ambapo mabaka ya MS hupenda kutokea. Kikiguswa, amri ya kwanza inafika na ya pili inachelewa au inapotea. Mtu anatazama kushoto: jicho la kushoto linakwenda, la kulia linabaki nyuma. Lile lililokwenda nalo huanza kutikisika, kana kwamba linamsubiri mwenzake. Madaktari huita hali hiyo oftalmoplejia ya intanyukilia. Mtu mzee akiipata upande mmoja kwa ghafla, fikira ya kwanza ni kiharusi. Kijana akiipata pande zote mbili, jina la MS linapaswa kutangulia mengine mengi.

Kuna jambo ambalo hata wanaojua ugonjwa huu hulisahau. Hitilafu hiyo ikiwa ndogo, mgonjwa haoni viwili. Akikodoa mbele, macho yako sawa. Ukimwambia afuate kidole chako kinachokwenda polepole, macho yanafika yote mawili. Tatizo liko kwenye mwendo wa kasi tu, pale macho yanaporuka kutoka kitu hadi kitu: jicho moja linafika, la pili linafika baadaye kidogo, na katikati ya hapo dunia inatia ukungu. Malalamiko yake ni ya ajabu kuyasikia. Atasema anapogeuka ghafla vitu vinacheza, kwamba mistari ya gazeti inamponyoka, kwamba akivuka barabara na kutazama kulia na kushoto anapata kizunguzungu. Mara nyingi ataambiwa amechoka.

Ndiyo maana nayachukulia kwa uzito yale maluweluwe ya d'Este kabla ya tarehe 6. Kwanza mkanganyiko usio na umbo, baadaye picha mbili kamili: huo ndio mwendo unaoutarajia pale tofauti ndogo kati ya macho inapokua siku hadi siku. Ile ganzi ya panjani nayo ina maana. Hisia za uso hubebwa na neva ya tano, na kiini chake kikuu cha hisia kiko kwenye lile daraja, jirani na kiini cha neva ya sita na kile kifungu cha nyuzi. Ukiniuliza niweke kidole mahali pamoja panapoweza kuleta ganzi ya panja la kushoto, kisha ndani ya wiki chache macho yasiyopatana, nitakiweka kwenye daraja, upande wa kushoto.

Siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Hakuandika kama picha zilisimama ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine, wala kama zilizidi kuachana alipotazama upande fulani. Huenda ilikuwa neva ya sita peke yake, ambayo MS huipiga pia. Jicho linashindwa kutoka nje, na picha mbili husimama pembeni, zikiachana zaidi kwa vitu vya mbali. Huenda kilikuwa kile kifungu. Kwa vyovyote vile, mahali ni palepale.

Nyongo

Daktari Kissock, aliyemtibu Florence, hakuona hivyo. Alidhani chanzo ni nyongo. D'Este alibandikwa ruba panjani mara mbili, akapewa dawa za kuharisha, akatapishwa, na mara mbili akatolewa damu mkononi. Mara moja damu ilitoka kwa taabu.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa nyongo ni nini katika maneno ya namna hii. Elimu ya mizaji minne, damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, iliwafikia madaktari wa Ulaya na matabibu wa Kiislamu kutoka chanzo kimoja cha Kiyunani, na huku kwetu mpaka leo mtu akiamka mdomo mchungu na kichwa kizito husema nyongo imempanda. Kuumikwa nako kungalipo. Kwa hiyo simcheki Kissock. Alikuwa na nadharia iliyoheshimiwa karne nyingi, na ugonjwa aliokuwa akiutazama haukuwa na jina.

Kilichomponza yeye, na kinachotuponza na sisi, ni kwamba mgonjwa alipona. Macho yalitulia, d'Este akaona vitu kwa umoja wake wa kawaida, akaweza kutoka na kutembea. Mtu yeyote angesema ruba zimefanya kazi. Lakini mwaka 1822 macho yalipona Ireland bila ruba hata moja. Shambulio la MS mara nyingi hupungua lenyewe ndani ya wiki kadhaa: uvimbe hunywea, nyuzi zilizovuliwa ala hujifunza tena kupitisha ishara, sehemu ya mayelini hurudishwa. Mtu anayeona viwili kwa wiki tatu kisha akaona kimoja hajamaliza safari. Kupona huko ni sehemu ya picha ya ugonjwa, na laiti kungeandikwa kwenye faili kwa wino uleule tunaoandikia maumivu.

Ngazi

Siku alizoanza kutoka tena, likaja jambo jipya. D'Este anaeleza, na hapa maandishi yake yananigusa kila ninapoyarudia, jinsi alivyotambua kwamba kila siku anapanda na kushuka ngazi kwa shida kuliko jana yake. Ngazi zilezile, nyumba ileile, miguu inayomwacha pole pole. Ganzi ikatokea mwisho wa uti wa mgongo na sehemu za chini. Karibu na tarehe 4 Desemba nguvu za miguu zilikwisha. Siku moja alianguka mara mbili alipojaribu kusimama bila kushika kitu, akabaki sakafuni mpaka mtumishi wake alipoingia na kumwinua. Hali hiyo ilidumu siku 21 hivi, na katika muda huo alianguka kama mara tano, bila kuzimia hata mara moja. Kisha miguu nayo ikaanza kurudi.

Angekuwa mgonjwa wetu leo tungeanza kuhesabu. Ili kumpa mtu jina la MS, kanuni zinazotumiwa duniani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa miaka mingi zilitaka uthibitisho wa mambo mawili: kwamba ugonjwa umepiga sehemu zaidi ya moja, na kwamba umepiga kwa nyakati zaidi ya moja. Neva ya kuonea 1822. Shina la ubongo Novemba 1827. Uti wa mgongo Desemba 1827. Hapo ni lazima mtu awe mwangalifu, kwa sababu macho na miguu ya Florence vilifuatana ndani ya mwezi mmoja, na mashambulio mawili huhesabiwa kuwa mawili pale tu yanapoanza yakiwa yameachana kwa siku 30 au zaidi. Kwa hesabu hiyo Florence ni shambulio moja lililopiga mahali pawili. Kinachotimiza sharti la nyakati ni yale macho ya 1822. Bila mazishi ya Scotland, kisa cha Florence kinabaki bila baba.

Na ni nani aliyeviunganisha? Mgonjwa mwenyewe. Shajara inayoeleza miguu, ganzi na kuanguka inaanza kwenye barua alizoshindwa kuzisoma. Hakuwa na jina la ugonjwa, wala picha ya ubongo, lakini alijua hadithi inaanzia wapi.

Naweza kuyatazama majina mengine. Kaswende ilikuwa imejaa Ulaya wakati huo na inaweza kufanya karibu lolote kati ya haya, ila mwendo wa kuja na kuondoka kwa miaka mingi bila dawa inayoiua hauipendelei. Mayasthenia, ugonjwa wa misuli inayochoka upesi, humfanya mtu aone viwili na miguu ilegee, lakini haileti ganzi, na huzidi jioni. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili hushambulia neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, ungeeleza macho kisha miguu katika vuli moja, lakini hauelezi 1822. Ule ndugu wa MS uitwao nyuromaielitisi optika hupenda neva za kuonea na uti wa mgongo, na ndiye mshindani mwenye nguvu kuliko wote. Ila wenye ugonjwa huo huumizwa na mashambulio yenyewe, na mara chache hudhoofika taratibu katikati ya mashambulio, ilhali d'Este alidhoofika hivyo kwa miaka yake yote ya mwisho. Nabaki na MS, nikikubali kwamba hakuna aliyewahi kuuona ubongo wake.

Mabaka yalikuwa yamekwisha chorwa

Kinachosikitisha ni kwamba d'Este alipokuwa bado anatembea, mabaka ya ugonjwa huu yalikuwa kwenye karatasi. Robert Carswell, profesa mjini London, alichapisha mwaka 1838 michoro ya uti wa mgongo wenye mabaka, na Jean Cruveilhier mjini Paris alichora yake katika miaka hiyohiyo. Waliona alama kwa maiti. D'Este aliandika dalili akiwa hai. Hapakuwa na mtu aliyesimama katikati. Ilimngoja Jean-Martin Charcot, hospitali ya Salpêtrière, mwaka 1868, kuufunga mwili na dalili pamoja na kuupa ugonjwa jina. Charcot alipotaja dalili tatu za kuutambua, alitaja mtetemeko wa mkono unapokaribia kitu, usemi unaokatwa silabi kwa silabi, na nistagmasi, yaani macho yanayotikisika yenyewe. Mwendo wa macho ulikuwa kwenye mlango wa ugonjwa huu tangu siku ulipopewa jina.

Kile ambacho ubao wa herufi hauoni

Mgonjwa kama d'Este akiingia leo kliniki ya macho, iwe Mombasa, Dodoma au Bujumbura, ataambiwa afunike jicho moja na asome ubao. Atasoma mpaka mstari wa chini. Atafunika la pili, atasoma tena. Itaandikwa sita kwa sita pande zote mbili, na ataambiwa macho yake ni mazima. Na ni kweli, kila moja ni zima. Kipimo kimemfumba jicho moja na hivyo kikaondoa kilekile alichokuja kulalamikia. Pengine atatoka na miwani mkononi.

Dakika mbili zaidi zingetosha. Muulize kama picha mbili zinaondoka akifumba jicho. Mwambie akufuate kidole kwa mwendo wa polepole pande zote. Kisha, na hapa ndipo nasisitiza kuliko pengine popote, nyosha kidole upande mmoja na kalamu upande wa pili, umwambie aruke kwa macho kutoka kimoja hadi kingine, haraka, mara kadhaa. Usitazame macho yote mawili kwa pamoja. Tazama lile linaloelekea puani, uone kama linachelewa. Ukiona linachelewa, mletee kidole mpaka karibu na pua: mara nyingi jicho lilelile lililokataa kwenda puani kwa mruko litakubali kwenda macho yote mawili yanapokusanyika puani kutazama kitu cha karibu, na hapo unajua msuli ni mzima, amri ndiyo inayopotea njiani. Maabara kubwa hutumia kamera za miale ya infraredi kunasa ucheleweshaji ambao jicho la daktari haliwezi kuuona. Sisi wengi hatuna kamera hizo. Kalamu tunazo.

Sisemi kila anayeona viwili ana MS. Katika nchi zetu ugonjwa huo bado ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini, na mbele yake kuna foleni ndefu: kisukari kinachopooza neva ya sita, kifua kikuu cha utando wa ubongo, maambukizi yanayofuatana na VVU, shinikizo ndani ya fuvu, upungufu wa vitamini B1 kwa mlevi au mjamzito anayetapika bila kukoma, ambao kwa kweli hauvumilii kungoja hata siku moja. Wote hao hujitangaza kupitia mwendo wa macho, na wote hupitwa na ubao wa herufi kwa njia ileile. Kuna na hili: watoto wa Kiafrika waliozaliwa Uingereza wameonekana kuwa na uwezekano mkubwa wa kupata MS kuliko wazazi wao waliohamia wakiwa watu wazima. Familia za Kiswahili zilizoko kaskazini hazina budi kulijua jina hili.

Kuchelewa kuna gharama sasa kuliko enzi za d'Este, kwa sababu sasa kuna la kufanya. Kwa kuona viwili kwenyewe, kitambaa juu ya jicho moja au miwani ya prizimu humpa mtu nafuu siku hiyohiyo. Dozi kubwa za steroidi kwa mshipa kwa siku 3 hadi 5 huharakisha kupona, ingawa hazibadilishi sana hali atakayofikia mwishoni. Muhimu zaidi ni dawa zinazopunguza mashambulio yajayo: ya kwanza, interferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, ikiwemo rituximab, ambayo wodi za saratani za Afrika Mashariki zinaifahamu. Dawa hizi hazirudishi kilichokwisha haribika. Zinafaa zaidi zikianzwa wakati mgonjwa bado anapanda ngazi.

Miaka 21 iliyobaki

D'Este alirudi Uingereza akaishi miaka mingi baada ya Florence. Alitibiwa na madaktari wengi, akaoga katika chemchemi za Ulaya, akasuguliwa, akapitishiwa umeme. Katika miaka hiyohiyo alisimama kuwatetea wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakinyang'anywa ardhi, na alifanya urafiki na Peter Jones, kiongozi wa Waojibwe. Naandika hayo kwa sababu shajara ya ugonjwa humfanya mtu aonekane kama ugonjwa tu, naye hakuwa hivyo.

Miguu ilizidi kukaza. Fimbo ikaja, kisha kiti cha magurudumu. Mwishoni mwa 1843 alipatwa na kizunguzungu kikali, kichefuchefu, na nguvu kumwishia ghafla. Ninaposoma hapo naliona lile shina la ubongo likipigwa tena, miaka 16 baada ya Florence. Mikono ikaanza kutetemeka. Aliendelea kuandika mpaka 1846.

Alifariki Ramsgate, Desemba 1848, akiwa na miaka 54. Charcot alikuwa kijana wa miaka 23, bado akijifunza udaktari Paris. Shajara ilibaki bila kusomwa na madaktari kwa vizazi kadhaa, hadi Douglas Firth, daktari Mwingereza, alipoieleza mwaka 1941, kisha katika kitabu mwaka 1948.